Nani Husikilizwa? Ubaguzi, Ujasiri na Kupotea kwa Unyofu wa Utotoni katika Riwaya ya Harper Lee

1. Utangulizi

Riwaya ya To Kill a Mockingbird, iliyoandikwa na Mmarekani Harper Lee, ilitolewa mwaka 1960. Mwaka uliofuata ilipata Tuzo ya Pulitzer, na mwaka 1962 ilitengenezwa filamu iliyompatia mwigizaji Gregory Peck tuzo ya Oscar. Ni miongoni mwa riwaya za makuzi zinazosomwa zaidi shuleni nchini Marekani, na wasomaji wa Kifaransa wanayo katika tafsiri tangu mwaka 1961.

Kisa chake chaweza kuelezwa kwa maneno machache. Katika mji mdogo wa kubuniwa uitwao Maycomb, jimboni Alabama, kati ya mwaka 1933 na 1935, watoto wawili, Jem na mdogo wake Scout, wanalelewa na baba yao Atticus Finch, wakili aliyefiwa na mke, pamoja na mpishi wao Mweusi, Calpurnia. Wakati wa likizo huungana na rafiki yao Dill, na mchezo wao mkubwa ni kumchokoza jirani asiyeonekana, Arthur Radley, wanayemwita Boo. Ndipo Atticus anapopewa kesi ya kumtetea Tom Robinson, kijana Mweusi mwenye mke na watoto, anayeshtakiwa kwamba amembaka msichana Mzungu, Mayella Ewell. Ushahidi unaonyesha wazi kwamba hana hatia, lakini anahukumiwa. Baadaye anapigwa risasi gerezani akijaribu kutoroka. Babake Mayella, Bob Ewell, anawavamia watoto wa Atticus usiku, na Boo ndiye anayewaokoa.

Wasomaji wengi wamekiona kitabu hiki kuwa masimulizi ya wakili mwadilifu anayewafundisha watoto wake kuishi kwa haki. Usomaji huo una msingi, lakini hauelezi vya kutosha namna ubaguzi unavyofanya kazi ndani ya maandishi yenyewe. Makala haya yanatetea hoja moja. Katika riwaya hii ubaguzi ni, kwanza kabisa, jambo la masikio: ni utaratibu unaoamua, kabla mtu hajafungua kinywa, kama maneno yake yatapewa uzito. Mtoto hujifunza utaratibu huo kama ajifunzavyo sarufi ya lugha mama, bila kufundishwa kanuni. Unyofu hupotea siku anapozitambua kanuni hizo, na ujasiri ni kukataa kusema kwa kuzifuata. Mwishoni itaonyeshwa kwamba riwaya yenyewe haikuweza kuziepuka kanuni hizo kabisa.

2. Mazingira ya kihistoria

Harper Lee alizaliwa mwaka 1926 katika mji wa Monroeville, Alabama, akiwa binti wa mwanasheria. Rafiki yake wa utotoni, Truman Capote, ambaye naye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri, ndiye kielelezo cha Dill.

Alabama ya utoto wake ilikuwa jimbo ambamo sheria na desturi ziliwatenga Weusi na Wazungu shuleni, kanisani, katika vyombo vya usafiri na mahakamani. Mwaka 1931, vijana tisa Weusi walikamatwa wakisafiri kwa treni, wakashtakiwa huko Scottsboro kwamba wamewabaka wanawake wawili wa Kizungu. Wanane kati yao walihukumiwa kifo katika muda wa siku chache tu. Mmoja wa wanawake hao aliyakana mashtaka yake mwaka 1933, lakini kesi ziliendelea. Mwaka 1935 Mahakama Kuu ya Marekani ilitengua baadhi ya hukumu hizo kwa sababu Weusi walikuwa wameondolewa kwa makusudi katika orodha za wazee wa baraza, yaani raia wanaochaguliwa kuisikiliza kesi na kuamua kama mshtakiwa ana hatia.

Mwaka huo wa 1935 ndio ambao riwaya inaupa kesi ya Tom Robinson. Kwa hiyo, wazee kumi na wawili wanaoketi mbele yake, wote wanaume na wote Wazungu, si ubunifu wa mwandishi: ni picha ya kweli ya mahakama ambamo mtu mmoja hunena na mwingine huwekwa tayari kutosikia. Kitabu kilipotolewa, mgomo wa mabasi wa Montgomery, mji mkuu wa jimbo hilo, ulikuwa umemalizika miaka minne tu nyuma. Wasomaji wa kwanza waliipokea hadithi ya miaka ya 1930 huku swali lake likiwa bado wazi barabarani.

3. Msimulizi mwenye sauti mbili

Masimulizi yote yako katika nafsi ya kwanza, lakini nafsi hiyo imegawanyika. Jean Louise, mtu mzima, anakumbuka. Scout, mtoto wa miaka sita hadi minane hivi, anaona. Maneno ni ya mtu mzima, macho ni ya mtoto. Fani hii humpa msomaji kazi: mara nyingi analielewa tukio kabla ya Scout kulielewa.

Mfano bora ni usiku wa jela. Atticus ameketi mlangoni pa gereza akimlinda Tom. Kundi la wanaume linafika kwa magari likitaka kumtoa mfungwa. Scout anajipenyeza katikati yao, anamtambua Bwana Cunningham, mkulima maskini ambaye mtoto wake husoma naye darasani, kisha anamsalimia. Anamwuliza habari za kesi yake ya shamba, anamkumbusha kwamba kijana wake Walter aliwahi kula chakula nyumbani kwao, na anamtuma amsalimie. Mtoto anadhani anatimiza tu adabu aliyofundishwa: mtu huzungumzishwa juu ya mambo yanayomhusu yeye. Msomaji anaona zaidi. Kundi halikuwa na jina. Salamu ya mtoto inampa mmoja wao jina, mwana na deni, na baada ya hapo hawezi tena kuwa sehemu ya kundi. Cunningham anainama, anamjibu Scout, kisha anawaondoa wenzake.

Hapa unyofu wa mtoto ndio nguvu inayomwokoa mtu. Lakini tukio hilo lina upande wa pili unaosahauliwa na wahakiki wengi. Tom Robinson yuko ghorofani, gizani, akiyasikia yote. Anasema mara moja tu, baada ya magari kuondoka: anauliza kama watu hao wamekwenda. Mtu ambaye maisha yake ndiyo yaliyokuwa yakijadiliwa usiku kucha amepewa sentensi moja, tena ya swali. Kanuni ya kitabu imekwisha kuonekana.

4. Sarufi ya ubaguzi

Mtoto wa Maycomb hafundishwi ubaguzi kwa somo maalumu. Anausikia katika namna watu wanavyoitana, katika nani anaitwa Bwana na nani anaitwa kwa jina tupu, na katika nani anakaa chini ya ukumbi na nani anapanda kwenye roshani iliyotengwa kwa Weusi. Shule inachangia pia. Mwalimu Caroline anakasirika kugundua kwamba Scout anajua kusoma tayari, akaagiza kwamba baba yake asimfundishe tena. Miaka miwili baadaye, mwalimu Gates anawaeleza wanafunzi uovu wa Hitler na kuisifu demokrasia ya nchi yao isiyomtesa mtu yeyote. Scout anakumbuka kwamba jioni ya hukumu alimsikia mwalimu huyohuyo, akitoka mahakamani, akisema kwamba sasa ni wakati wa kuwafunza adabu Weusi. Anamwuliza Jem: mtu anawezaje kumchukia Hitler namna hiyo, kisha akageuka na kuwatendea vibaya watu wa mji wake mwenyewe? Jem hawezi kujibu. Anapandwa na hasira. Huo ndio mwanzo wa kupotea kwa unyofu: mtoto amezigundua kanuni mbili zinazopingana ndani ya kinywa kimoja.

Mhusika anayezifahamu kanuni hizo kuliko wote ni Calpurnia. Sura ya kumi na mbili inaeleza Jumapili moja ambapo, Atticus akiwa safarini, Calpurnia anawapeleka watoto katika kanisa lake, First Purchase, lililonunuliwa kwa mapato ya kwanza ya watumwa walioachwa huru. Watoto wanashangaa kwa mambo mawili. La kwanza ni kwamba kanisani hamna vitabu vya nyimbo: Zeebo, mwana wa kwanza wa Calpurnia, anasoma mstari mmoja mmoja na mkutano mzima unauimba baada yake, kwa kuwa ni watu wanne tu katika kanisa lile wanaojua kusoma. La pili ni kwamba Calpurnia anasema lugha nyingine akiwa na watu wake. Scout anauliza kwa nini asitumie ile lugha nzuri ya nyumbani. Calpurnia anamjibu kwamba akisema kanisani kama Wazungu, jirani zake watamwona anajivuna, na kwamba huwezi kumbadili mtu kwa kumwonyesha kuwa unajua kuliko yeye. Asipotaka kujifunza mwenyewe, hakuna la kufanya ila kunyamaza au kusema lugha yake.

Kwa mwanaisimu, ukurasa huo una thamani ya pekee. Calpurnia anaeleza kwa usahihi kile kinachoitwa kubadili msimbo: kila lugha ina mahali pake, wasikilizaji wake na gharama yake. Msomaji wa Lubumbashi hahitaji maelezo marefu. Mwanafunzi anayesema Kiswahili sanifu darasani na Kiswahili cha mji akirudi nyumbani anajua kwamba akikosea mahali atachekwa huku au kule. Tofauti ni kwamba, kwa Calpurnia, kosa la mahali halileti kicheko tu. Katika nyumba ya Finch, lugha sanifu ndiyo inayomfanya aaminiwe kuwalea watoto. Katika kanisa, kuiacha ndiko kunakomfanya aendelee kuwa wa jamaa. Scout, aliyeishi naye tangu kuzaliwa, anagundua kwa mara ya kwanza kwamba mtu huyu alikuwa na maisha kamili nje ya macho yake.

Kuna jambo jingine ambalo riwaya inalitaja kwa haraka na ambalo lingestahili kuwekwa katikati. Scout alijifunza kusoma karibu bila kujua, akiketi mapajani pa baba yake. Lakini kuandika alifundishwa na Calpurnia, jikoni, siku za mvua, kwa kupewa herufi na sura ya Biblia azinakili. Maana yake ni kwamba mkono unaoandika riwaya hii yote ulizoezwa na mwanamke Mweusi. Mwenye kalamu ni Jean Louise. Aliyemshikisha kalamu ni Calpurnia.

5. Mahakamani: maneno yaliyosikika na maneno yaliyoaminiwa

Kesi ya Tom Robinson ndicho kitovu cha kitabu. Kwa ushahidi wa vitu, jambo ni rahisi. Mayella alipigwa upande wa kulia wa uso, jambo linaloelekea kufanywa na mtu wa mkono wa kushoto. Babake Ewell huandika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto wa Tom umelemaa tangu utotoni, uliponaswa na mashine ya kuchambulia pamba. Hakuna daktari aliyeitwa. Atticus hana haja ya ufasaha mwingi.

Lakini kesi haiamuliwi na mikono. Inaamuliwa na vinywa. Mambo matatu yanathibitisha hilo.

La kwanza ni ushahidi wa Mayella. Atticus anamwita kwa heshima, kama anavyomwita mwanamke yeyote, na msichana huyo anadhani anadhihakiwa. Hajawahi kuheshimiwa na mtu, hata akaiona adabu kuwa tusi. Naye pia ni mtu asiyesikilizwa: maskini, mpweke, mwenye kupigwa na baba yake. Hata hivyo, siku hiyo neno lake moja linatosha kumwangamiza mwingine, kwa sababu katika sarufi ya Maycomb yeye yuko chini ya wote isipokuwa Weusi.

La pili ni sentensi iliyomponza Tom. Anaeleza kwamba alimsaidia Mayella mara nyingi, akimpasulia kuni na kumchotea maji, bila kulipwa. Mwendesha mashtaka anamwuliza sababu, na Tom anajibu kwa ukweli kwamba alimwonea huruma. Ukumbi unachafuka. Hakuna aliyekasirishwa na uongo, maana hapakuwa na uongo. Kilichowakasirisha ni mpangilio wa sentensi. Huruma ni kitenzi ambacho, kwa kanuni za mji ule, Mzungu peke yake anaweza kuwa mtenda wake na Mweusi mtendwa. Tom ameigeuza sentensi, na kwa kuigeuza amejihukumu.

La tatu ni machozi ya Dill. Mtoto huyo anaanza kulia wakati mwendesha mashtaka anapomhoji Tom, hata Scout analazimika kumtoa nje. Dill haelewi hoja za sheria. Kinachomuumiza ni sauti: ile dharau iliyomo katika kila swali, na lile neno ambalo mwendesha mashtaka anamwitia mtu mzima, yaani neno la Kiingereza lenye maana ya mvulana.

Neno hilo lina historia yake nchini Kongo. Katika koloni la Kibelgiji liliingia katika lugha za kila siku kama boi au boyi, likawa jina la mtumishi wa nyumbani hata awe na wajukuu. Msomaji Mkongo analisikia mahakamani Maycomb kwa sikio ambalo msomaji wa Ulaya hana. Tena linamkumbusha riwaya nyingine ya kupotea kwa unyofu, Une vie de boy ya Ferdinand Oyono wa Kameruni, iliyotolewa mwaka 1956. Humo Toundi, kijana anayetumikia nyumba ya Wazungu, ndiye anayeandika daftari lake mwenyewe, kwa lugha ya Ewondo, na msimulizi wa utangulizi anajifanya kuwa mfasiri tu. Riwaya hizo mbili zilitoka katika muda wa miaka minne, na zinaonana kama mtu na kivuli chake kilichogeuzwa. Katika ile ya Oyono, mtumishi anawatazama mabwana na kuandika. Katika ile ya Lee, binti wa bwana anaandika na mtumishi anatazamwa.

6. Ujasiri na mipaka yake

Riwaya inatoa maana yake ya ujasiri kupitia Bi Dubose, kikongwe mbaguzi na mwenye matusi, ambaye Jem analazimika kumsomea kila siku baada ya kumharibia maua. Baada ya kifo chake, Atticus anawaeleza watoto kwamba mama huyo alikuwa akipigana kuacha mofini kabla ya kufa, naye alishinda. Ujasiri, kwa maelezo yake, ni kuanza pambano ukijua tayari kwamba utashindwa, na kulifikisha mwisho hata hivyo. Ni fundisho lenye uzito, na ndilo linaloielekeza kesi yote. Lakini linaacha swali. Bi Dubose alishindana na maumivu yake mwenyewe. Atticus anapoishindwa kesi, anayekufa ni mwingine.

Ipo mifano midogo ya ujasiri wa kusema. Link Deas, aliyekuwa mwajiri wa Tom, anasimama katikati ya mahakama bila kuitwa na kutangaza kwamba kwa miaka minane hajaona ubaya wowote kwa mtu huyo. Hakimu anamfukuza ukumbini. Mmoja wa wazee wa baraza, ndugu wa wale Cunningham wa usiku wa jela, alishikilia kwa muda kwamba mshtakiwa aachiliwe. Atticus anayaona masaa hayo ya kusitasita kuwa mwanzo wa mabadiliko. Kwa Tom hayakuwa na faida.

Mwisho wa kitabu unaonyesha mpaka huo kwa ukali zaidi. Boo Radley amemwua Bob Ewell ili kuwaokoa watoto. Sherifu Heck Tate anaamua kwamba ataandika kuwa Ewell alijiangukia kisu chake, kwa sababu kumtoa mtu mwenye haya kama Boo mbele ya macho ya mji kungekuwa dhambi. Scout anakubali, na msomaji naye hukubali kwa moyo mkunjufu. Lakini mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja, uwiano unatisha. Mzungu aliyeua kwa wema anaokolewa na kimya, nje ya mahakama, kwa uamuzi wa watu wawili barazani. Mweusi asiye na kosa alitakiwa aseme ukweli wote mbele ya mji mzima, na ukweli huo ukamwua. Methali husema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Maycomb ilimpa Tom kila umbo la haki, kiapo, wakili, hakimu na kiti cha shahidi, ikamnyima kitu kimoja tu, nacho ni kusadikiwa.

7. Ndege na binadamu

Jina la kitabu linatokana na ndege wa Amerika anayeiga sauti za ndege wengine. Wataalamu wanamwita Mimus polyglottos, yaani mwigaji wa lugha nyingi. Wafasiri wa Kifaransa walihangaika naye: mwaka 1961 kitabu kiliitwa Quand meurt le rossignol, mwaka 1989 Alouette, je te plumerai, na mwaka 2005 Ne tirez pas sur l'oiseau moqueur. Ndege watatu kwa kitabu kimoja, na ni wa tatu tu anayebeba wazo la kuiga.

Ndani ya riwaya, watoto wanaambiwa kwamba ni dhambi kumwua ndege huyo kwa kuwa kazi yake ni kuwaimbia watu tu. Kwa kawaida wahakiki humtambua Tom na Boo katika mfano huo. Kwa Boo unafaa: yeye kweli hutoa zawadi kimya kimya na hana maneno. Kwa Tom, mfano huo ni wa hatari. Ndege haongei wala hachagui. Anaimba, kisha anapigwa. Tom aliongea, kwa utaratibu na kwa ujasiri, akijua hatari ya kila neno. Na alipokimbia gerezani, alichagua. Atticus mwenyewe anakisia kwamba Tom alikuwa amechoka kungojea bahati zinazotolewa na Wazungu, akaamua kuishika yake. Alipigwa risasi kumi na saba. Kumfananisha na ndege ni kumhurumia huku akinyang'anywa mara ya pili yale aliyonyang'anywa mahakamani, yaani neno lake na uamuzi wake.

Kama yuko mhusika anayestahili jina la ndege wa lugha nyingi, ni Calpurnia. Lakini kifo cha Tom kinapotangazwa, Atticus anakwenda naye kwa Helen, mjane wa marehemu, na riwaya haiwafuati kwa karibu. Habari ya Helen kuanguka chini bila neno inamfikia Scout kwa kinywa cha Dill. Yale ambayo Calpurnia alimwambia mjane, na lugha aliyoyasema kwayo, hayamo kitabuni.

Harper Lee hakuwa hana habari ya pengo hilo. Mwaka 2015, mwaka mmoja kabla ya kufariki, ilitolewa Go Set a Watchman, ambayo mswada wake uliandikwa katikati ya miaka ya 1950, kabla ya riwaya mashuhuri. Humo Jean Louise ana miaka ishirini na sita. Anamkuta baba yake katika mkutano wa wanaotetea ubaguzi. Magazeti yalizungumzia sana jambo hilo. Lakini ukurasa mzito zaidi ni ule wa Jean Louise kumtembelea Calpurnia aliyezeeka. Mama huyo anampokea kwa adabu ya kupokelea mgeni wa Kizungu, na kwa sarufi iliyovunjika ambayo hakuwahi kuitumia naye. Kijana anauliza kama aliwachukia. Calpurnia anatikisa kichwa kukanusha, baada ya kimya kirefu, bila kutamka neno. Lugha ya nyumbani imefungwa, na aliyefungiwa nje sasa ni Jean Louise. Hapo unyofu unapotea kweli, maana mtoto wa Maycomb anatambua kwamba hata upendo aliolelewa kwao ulikuwa ndani ya sarufi ileile. Mwaka 2018, Aaron Sorkin alipoigeuza riwaya ya 1960 kuwa tamthilia ya Broadway, mojawapo ya mabadiliko yake makubwa lilikuwa kumwongezea Calpurnia maneno.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ubaguzi katika riwaya ya Harper Lee ni utaratibu wa usikivu, kwamba mtoto huupokea pamoja na lugha, na kwamba ujasiri wa kweli humo ni ule wa kusema au kusikiliza kinyume cha utaratibu. Yameonyesha pia kwamba riwaya, kwa kuchagua macho ya Scout na mfano wa ndege, inawaacha Tom, Helen na Calpurnia katika kimya inachokilaumu. Aibu hiyo haiipunguzii riwaya thamani. Inaifanya ifae kufundishwa, kwani mwanafunzi ataona jinsi nia njema inavyoweza kubaki imefungwa na lugha iliyoirithi.

Kwa idara za Kiswahili kuna kazi ya wazi. Atakayeifasiri sura ya kumi na mbili atalazimika kuamua Calpurnia aseme Kiswahili gani jikoni mwa Finch na kipi kanisani First Purchase. Akimpa Kiswahili kimoja mahali pote, kwa hofu ya kuharibu lugha sanifu, sura hiyo itakufa, na pamoja nayo mahali pekee ambapo mwanamke huyo anaeleza kwa kinywa chake jinsi alivyoishi. Akiamua kwamba lugha ya kanisani ni mbaya na ile ya jikoni ni nzuri, atakuwa amerudia kosa la Scout. Itambidi amsikilize Calpurnia kwanza, jambo ambalo Maycomb haikulifanya.